Kitimoto iliyoiva hadi mfupani inaweza kubaki laini: Namna ya kuipika nyumbani

Mikumi. Jumamosi jioni, malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma yanapunguza mwendo yakiingia Mikumi. Dereva anashuka, ananyoosha mgongo, anaagiza nusu kilo ya kitimoto. Inakatwakatwa, inakaangwa, inaletwa kwenye sinia pamoja na ndizi, kachumbari na pilipili. Inaliwa mpaka mfupa wa mwisho.

Nyumbani mambo huwa tofauti. Mama ananunua nyama ileile, bucha ileile. Anaikaanga mpaka inakuwa na rangi ya gome la mti. Mtoto wa miaka saba anatafuna, anahamishia shavu la pili, anatafuna tena, kisha anaiweka pembeni mwa sahani.

“Mama, hii haimezeki.”

Bibi aliyekuja kutoka Kilosa kusalimia wajukuu anadakia kabla mama hajajibu: “Tafuna, mjukuu wangu. Nguruwe haliwi mbichi.”

Mazungumzo ya aina hii yako katika nyumba nyingi zinazokula nyama ya nguruwe, na wote wawili wana hoja. Mtoto ana haki ya kupewa nyama inayotafunika. Bibi naye anajua jambo ambalo vijana wengi wanalichukulia kwa mzaha: nyama ya nguruwe ambayo haikuiva inaweza kuingiza ugonjwa ndani ya nyumba, na ugonjwa wenyewe unaweza kufika hadi kwenye ubongo.

Habari njema ni kwamba hakuna haja ya kuchagua upande. Nyama ya nguruwe inaweza kuiva hadi mfupani na ikabaki laini yenye majimaji yake. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kununua, chumvi kidogo, moto unaotawalika, na mikono safi.

Bibi anaogopa nini?

Kinachoogopwa ni tegu wa nguruwe, mnyoo bapa mrefu kama utepe anayeishi kwenye utumbo wa binadamu. Anaweza kufikia urefu wa mita mbili hadi saba, na mwenye naye anaweza kukaa muda mrefu bila kujua.

Mzunguko wake unaanzia chooni. Mtu mwenye tegu hutoa mayai ya mnyoo huyo kwenye haja kubwa. Pasipo na choo, au choo kikiwa kibovu, nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho. Mayai hupasuka tumboni mwa nguruwe, na viluwiluwi husambaa kwenye misuli yake na kujifunga ndani ya vifuko vidogo vyeupe. Mtu akila nyama yenye vifuko hivyo bila kuiva, kiluwiluwi hukua tumboni mwake na kuwa tegu mkubwa. Mzunguko unaanza upya.

Tanzania inalijua tatizo hili. Watafiti waliochunguza ndimi za nguruwe katika vijiji vya Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, walikuta vifuko kwa nguruwe takriban 17 katika kila 100. Tafiti nyingine zimefanyika Mbozi na Mbeya, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopo Morogoro, ni miongoni mwa taasisi zilizoshughulikia suala hili kwa miaka mingi.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kula nyama yenye vifuko humpa mtu tegu wa tumboni. Ugonjwa wa kwenye ubongo huja kwa njia nyingine: kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwa binadamu, kupitia mikono, maji au mboga mbichi zilizochafuliwa na kinyesi. Mayai hayo humfanyia mtu kile yanachomfanyia nguruwe. Viluwiluwi hujifunga kwenye misuli, jicho au ubongo.

Vikifika kwenye ubongo, mtu anaweza kuanza kuumwa kichwa kisichoisha au kuanguka kifafa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa katika maeneo mengi yenye mnyoo huyu, ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, takriban asilimia 30 ya kifafa inatokana naye.

Mkoa wa Morogoro una historia ndefu ya kuuguza kifafa. Ukishika barabara ya Mikumi kwenda Ifakara na kuendelea kusini, unafika Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Kifafa kina sababu nyingi, na kile cha Mahenge kimehusishwa zaidi na minyoo ya usubi. Lakini kinachotokana na tegu wa nguruwe kinazuilika, na sehemu ya kukizuia iko jikoni kwa mama.

Anza buchani

Upishi mzuri unaanza kabla ya moto. Nunua nyama kwenye bucha ambayo nyama yake imekaguliwa na kupigwa muhuri. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Nyama Tanzania, na ukaguzi wa nyama ni haki ya mlaji. Kumuuliza muuza bucha nguruwe alichinjwa wapi na nani aliikagua hakumvunjii heshima. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu.

Itazame nyama kwenye mwanga. Nyama nzuri ya nguruwe ina rangi ya waridi iliyokolea kidogo, mafuta meupe, na haina harufu kali. Ukiona vijivimbe vyeupe kama punje za mchele au vya ukubwa wa punje ya hindi, vilivyojaa maji na kukaa katikati ya nyuzi za nyama, usiinunue. Ukiwa umeshainunua, usimpe mbwa wala paka. Irudishe na umjulishe afisa mifugo. Lakini kumbuka, nyama yenye vifuko vichache inaweza kulipita jicho lako na hata la mkaguzi. Ndiyo maana hatua ya kuivisha vizuri hairukwi hata kama muhuri upo.

Jihadhari pia na nyama inayouzwa kwa bei ya kutupa. Homa ya nguruwe ya Afrika inapoingia eneo, wapo wafugaji wanaochinja haraka kabla mifugo haijafa. Ugonjwa huo hauambukizi binadamu, lakini nguruwe aliyechinjwa akiwa mgonjwa, gizani, bila mkaguzi, anaweza kuwa na mengine.

Kwa walio jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, onyo jingine linahusu ngiri. Nyama inayoletwa usiku kwenye mfuko na kuitwa kitimoto inaweza kuwa ya ngiri aliyewindwa kinyume cha sheria. Haikukaguliwa na mtu yeyote, na ngiri anaweza kuwa na minyoo mingine inayojificha kwenye misuli. Usiingie kwenye biashara hiyo.

Nyama gani inafaa kwa nini

Makosa mengi ya upishi yanatokana na kupika kila nyama kwa namna moja. Nguruwe ana nyama za aina mbili.

Nyama ya mgongo haifanyi kazi nyingi mnyama anapotembea, kwa hiyo ni laini tangu mwanzo. Hapo ndipo hutoka chopsi, yaani kipande bapa chenye mfupa upande mmoja na utepe wa mafuta upande wa nje. Hii inataka kupikwa kwa muda mfupi.

Nyama ya bega, paja na miguu ina misuli iliyofanya kazi na nyuzi ngumu zinazoishikilia. Hii inataka muda mrefu kwenye unyevunyevu, ndipo nyuzi hizo ziyeyuke na kuwa uteute laini. Ukiikaanga haraka utatafuna mpira. Na chopsi ukiichemsha saa nzima, itakuwa kamba.

Kwa hiyo ukitaka chopsi, mwambie muuza bucha akukatie nyama ya mgongo yenye mfupa, kila kipande unene wa kama sentimita mbili na nusu, na vyote vilingane. Kipande chembamba kama karatasi hukauka kabla hakijapata rangi. Vipande visivyolingana vitakupa kimoja kibichi na kingine kilichoungua kwenye kikaango kilekile.

Kwa nini inakauka

Nyama mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake. Maji hayo yamekaa kati ya nyuzi. Joto linapopanda, nyuzi hujikunja na kuyakamua, kama mtu anayekamua nguo. Kadiri unavyozidisha joto, ndivyo maji yanavyozidi kutoka. Nyama ya mgongo iliyofika nyuzi joto 80 na kuendelea ndani yake huwa imeshakauka.

Swali ni je, ni joto gani linaua viluwiluwi? WHO inashauri chakula kipikwe hadi sehemu ya ndani kabisa ifikie nyuzi joto 70. Huko Marekani, Wizara ya Kilimo ilishusha kiwango mwaka 2011 hadi nyuzi joto 63 kwa vipande vizima vya nguruwe, mradi nyama ipumzike dakika tatu kabla ya kukatwa. Lakini wapishi wa huko wanatumia vipimajoto vya nyama, na nguruwe wao wengi wanafugwa ndani maisha yao yote. Kwa jikoni za Kilosa na Mikumi, 70 ndiyo namba ya kushika.

Kwa hiyo kati ya nyama iliyo salama na nyama iliyokauka kuna nafasi ndogo, kama nyuzi joto kumi. Mama anayekaanga mpaka kahawia ya gome ameshaipita nafasi hiyo zamani. Kazi ni kusimama ndani yake.

Kabla ya moto

Chumvi ndiyo rafiki wa kwanza. Inaingia ndani ya nyuzi na kuzisaidia zishike maji hata joto likipanda. Kama una friji, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, vilivyosawazishwa, chovya chopsi na uiweke kwenye friji saa moja hadi mbili. Itoe na uifute. Usiongeze chumvi nyingine baadaye.

Kama huna friji, joto la Kilosa halikuruhusu kuacha nyama muda mrefu. Ipake chumvi kiasi cha kawaida pande zote, kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, ifunike isiguswe na inzi, na uipike baada ya nusu saa.

Ndimu au limao inaleta ladha nzuri, lakini dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ukiilaza kwenye ndimu usiku kucha, juu inakuwa kama unga na ndani bado ngumu. Papai bichi lililosagwa nalo hulainisha, kwa sababu utomvu wake unavunja nyuzi za nyama. Tumia kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, usipite nusu saa. Tangu mwanzo kumbuka kwamba ndimu, pilipili, papai na pombe haviui viluwiluwi. Kinachoua ni moto.

Ubaridi mkali nao unaweza kusaidia. Vifuko vya tegu hufa kwenye nyuzi joto 15 chini ya sifuri kwa siku tatu. Lakini friji ya nyumbani iliyojaa, tena umeme ukikatika, si ya kutegemea peke yake. Ichukulie kama ulinzi wa ziada.

Kwenye jiko la mkaa

Panga mkaa upande mmoja wa jiko uwe mwingi na upande wa pili uwe kidogo. Hapo utakuwa na moto mkali na moto wa taratibu kwa wakati mmoja. Kama jiko ni dogo, andaa majivu ya kuufunika mkaa moto utakapotakiwa kupungua. Wenye gesi watageuza tu kitufe.

Futa chopsi mpaka ikauke juu, kwa sababu nyama yenye maji huchemka badala ya kukaangika. Kwa ncha ya kisu, chanja utepe wa mafuta sehemu mbili au tatu. Usipochanja, mafuta hujikunja, kipande kinainuka kama bakuli na katikati hapagusi kikaango.

Pasha kikaango kizito, weka mafuta kidogo. Yakianza kuchezacheza, weka vipande viwili au vitatu, visibanane. Viache dakika mbili bila kuvigusa, vigeuze, dakika mbili nyingine. Visimamishe kwa upande wa mafuta kwa dakika moja, mafuta yake yatayeyuka na kukusaidia kukaangia. Usivichome kwa uma, tumia koleo au mwiko.

Rangi ikishapatikana, sogeza kikaango kwenye moto mdogo. Weka vijiko viwili vya maji, funika, uache dakika nne hadi tano kila upande. Hatua hii ndiyo inayokosekana katika nyumba nyingi. Moto mkali ukiendelea mwanzo hadi mwisho, nje huungua wakati karibu na mfupa bado ni pabichi. Moto mdogo na mfuniko hupeleka joto ndani polepole, bila kukamua maji yote.

Sasa kagua. Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati ya sehemu nene, kisiguse mfupa, asome 70. Asiye nacho akate kipande kimoja karibu na mfupa. Nyama iwe imebadilika rangi yote, isiwe na ung’avu na utelezi wa nyama mbichi, na majimaji yanayotoka yawe meupe yasiyo na damu. Ikiwa bado, funika tena dakika mbili au tatu. Kipande ulichokikata kinaweza kupoteza maji kidogo. Kile wewe mwenyewe.

Epua, panga kwenye sahani safi, funika, subiri dakika tano. Wakati huo joto la nje linaendelea kuingia ndani, na maji yaliyokuwa yakikimbia yanatulia. Ukikata mara tu unapoepua, mchuzi wote unabaki kwenye sahani. Kwa watoto wadogo, kata vipande vidogo kwa kukingamisha kisu na nyuzi, ili meno yao yapate kazi nyepesi.

Ikiwa ulichopata ni bega

Siku ambayo bucha imebakiwa na bega au mbavu, pika rosti. Kata vipande vya kulingana, vikaange vipate rangi, ongeza kitunguu, nyanya, tangawizi na kitunguu saumu, mimina maji yafike nusu ya nyama, funika, na uache kwenye moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili. Nyama ikiachia mfupa yenyewe, imeiva. Kwa mama mwenye wasiwasi, asiye na kipimajoto na mwenye watoto wengi, rosti ndiyo njia iliyo salama zaidi, na wajukuu na bibi wote watatafuna bila shida.

Usiisahau kachumbari

Sinia la kitimoto halikamiliki bila kachumbari, na hapa ndipo wengi huteleza. Nyama imeiva hadi mfupani, lakini nyanya na vitunguu vimekatwa kwa kisu kilekile kilichokata nyama mbichi, kwa mikono iliyotoka chooni bila sabuni.

Kata kachumbari kwanza, kabla nyama haijatoka kwenye mfuko, au tumia kisu na ubao mwingine. Osha nyanya, matango na majani kwa maji safi yanayotiririka. Mboga zinazoliwa mbichi, zilizolimwa kando ya mto au karibu na vyoo, zinahitaji uangalifu zaidi. Wakazi wa Kilosa wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yaliyowaacha maelfu bila makazi. Maji yakipita kwenye vyoo, yanachokibeba hukiacha bustanini na visimani.

Nawa kwa sabuni kabla ya kupika, baada ya kushika nyama mbichi na kila unapotoka chooni. Wafundishe watoto vivyo hivyo.

Jambo hili linawahusu hata wasioila kabisa nyama hii. Kilosa na Mikumi ni miji ya Waislamu na Wakristo wanaoishi ukuta kwa ukuta, na nyumba nyingi zinajua kutenga sufuria kwa heshima. Lakini mayai ya tegu hayasubiri mtu ale nguruwe. Yanasafiri na mikono ya mtu mwenye mnyoo, awe mpishi, muuza matunda au mtoto wa jirani. Choo bora cha nyumba moja kinawalinda jirani wote, na nguruwe anayefugwa bandani anawalinda waliomfuga na wasiomgusa.

Lini uende hospitali

Ukiona vipande bapa vyeupe kwenye haja kubwa, vyako au vya mtoto, nenda kituo cha afya. Dawa za kumtoa tegu zipo. Usijinunulie prazikuanteli dukani kwa kukisia, kwani kwa mtu mwenye vifuko kwenye ubongo bila kujua, dawa hiyo inaweza kuamsha degedege. Na mtu yeyote katika familia akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kumzungusha kwa waganga kunampotezea muda wa matibabu.

Jumamosi ijayo, mama atakapoweka sahani mezani, bibi aanze yeye kukata kipande chake karibu na mfupa na kukitazama. Akiridhika, awape wajukuu. Ndivyo heshima ya bibi inavyobaki, na nyama ya mtoto inavyoshuka.